Fahamu: Kwa nini wapiga gitaa wanaziacha amplifaya za valvu?

Desemba 2013, bendi ya roki ya Metallica ilitumbuiza Antaktika katika kituo cha utafiti cha Carlini cha Argentina. Hakukuwa na spika za kutikisa barafu. Watazamaji walisikiliza kwa hedifoni, na gitaa zilipita kwenye vifaa vya dijitali badala ya amplifaya za valvu.

Valvu ni nini?
Ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa, inayokuza mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye gitaa. Ikizidiwa, sauti hukwaruza, na mkwaruzo huo ndio roho ya muziki wa roki.

Tatizo liko wapi?
Uzito, kwanza: amplifaya ya valvu ya Fender Twin Reverb ina takriban kilo 29. Pili, valvu huchakaa, na viwanda vikubwa vimebaki Urusi, Slovakia na China. Vita vya Ukraine vya 2022 vilivuruga upatikanaji wake.

Dijitali inafanyaje?
Kompyuta ndogo hukokotoa tabia ya amplifaya. Kifaa cha Kemper huenda mbali zaidi: hupima amplifaya yako halisi, kisha huiiga.

Sauti ni ileile?
Kwenye rekodi, si rahisi kutofautisha. Jukwaani, wengi hukosa ule msukumo wa spika mgongoni. Kabla hujauza amplifaya ya zamani, ijaribu mpya kwa sauti ya ukumbini, si kwa hedifoni tu.