Kuacha Pombe Katika Nchi ya Migomba

Mkazi wa wilaya ya Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, anayetaka kuacha pombe hana pa kuikimbilia. Imeota nyuma ya nyumba yake. Kibanja kinachotoa matoke ya mlo wa jioni ndicho kinachotoa ndizi za pombe, na mara nyingi rubisi, pombe ya ndizi, anayouza mama mwenye nyumba ndiyo iliyonunua madaftari na sare za watoto. Kumwambia mtu huyo "kaa mbali na pombe" ni sawa na kumwambia ahame kwao.

Ndiyo maana wengi huishia kwenye kiapo. Wanaapa mbele ya mchungaji au padri, mbele ya wazee, mbele ya mke. Wiki mbili zinapita, kisha mtu anaonekana tena kilabuni, na jirani wanasema hana msimamo. Utaalamu wa tiba ya uraibu unaona tofauti. Uraibu umejengwa juu ya mambo matatu ambayo kiapo hakiyagusi: saa, njia na mfuko. Anayeyapanga upya hayo ana nafasi nzuri kuliko anayetegemea moyo mgumu peke yake.

Rubisi na gongo si kitu kimoja

Rubisi ina masharti yake. Ndizi huvundikwa siku kadhaa mpaka ziive, hukamuliwa kwa nyasi, na maji yake matamu, omuramba, huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha huachwa yaumuke. Ikishaiva inataka kunywewa upesi, kwa kuwa siku chache tu zinatosha kuichachusha. Kwa desturi ilinywewa kwa kibuyu na mrija, watu wameketi pamoja harusini, msibani au baada ya kusaidiana shambani. Kazi ndefu ya kuitengeneza, macho ya wenzako na kuharibika kwake upesi vilimwekea mnywaji mipaka bila mtu yeyote kutunga sheria.

Rubisi ikichemshwa na mvuke wake kukingwa, inapatikana gongo, ambayo wengi wa huku huiita enkonyagi. Hapo mipaka yote inaondoka. Gongo haichachi. Inatosha chupa ndogo ya mfukoni, inanyweka peke yako, hata saa moja asubuhi kabla ya kushika jembe. Kilevi chake ni kikali mara nyingi zaidi kuliko cha rubisi, na kinafika kwenye ubongo haraka. Wataalamu wa dawa za kulevya wanalijua jambo hili vizuri: kadiri kitu kinavyofika kichwani upesi na kwa nguvu, ndivyo kinavyomnasa mtu kwa urahisi. Kuipika bila leseni kumekatazwa na sheria ya mwaka 1966, lakini uchumi wa kibanja haujawahi kuisubiri sheria. Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, ilikuwa inagusa tatizo la namna hiyo hiyo: pombe kali, bei ndogo, kifuko kinachofichika.

Kinachotokea kichwani

Pombe hutuliza ubongo. Ukinywa mara moja moja, utulivu unakuja na kuondoka. Ukinywa kila siku, ubongo unajirekebisha: unapunguza utulivu wake wa asili na kuongeza msisimko ili mambo yasawazike. Sasa kiasi kilichokuwa kinakulewesha hakikutoshi. Na siku usipokunywa, ule msisimko unabaki bila kizuizi: mikono inatetemeka, jasho linatoka, usingizi unapaa, moyo unakwenda mbio. Mtu anakunywa kikombe cha asubuhi "kuzimua", anatulia, na anaamini pombe imemponya. Imeahirisha tu deni.

Jambo la pili ni ujifunzaji. Katika miaka ya 1990, mtafiti Wolfram Schultz na wenzake walipima chembe za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini. Mwanzoni chembe hizo zilisisimka nyani alipopewa tone la maji ya matunda. Baada ya mazoezi zilisisimka mapema zaidi, pale tu taa inayotangulia maji hayo ilipowaka. Ubongo ulikuwa umejifunza dalili, na dalili ikatosha kuamsha hamu.

Weka hilo sokoni Omurushaka au Nkwenda siku ya gulio. Jua linateremka, kazi imeisha, noti ya kwanza imeingia mfukoni, rafiki anapiga mluzi kutoka ng'ambo ya barabara. Mtu hajaonja tone, lakini kichwa chake kimekwisha kuanza kunywa. Hamu anayoisikia saa kumi na moja jioni ni ubongo unaokariri somo ulilofundishwa kila siku, kwa miaka, kwenye njia ile ile.

Nguvu ya mazingira ilionekana wazi kwa askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini huko vitani, lakini kati ya hao, mwaka mmoja baada ya kurudi nyumbani ni kama 5 tu kwa kila 100 waliorudia uraibu. Waliacha nyuma vita, wauzaji na wenzao wa kuvuta. Mkulima wa Kyerwa hana ndege ya kumtoa kibanjani. Anachoweza ni kuyabadili mazingira akiwa humo humo.

Jipime kwanza

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, ambalo mhudumu wa afya anaweza kukuuliza kwa dakika chache. Alama zake hufika 40. Kuanzia 8 unywaji wako una madhara au unaelekea huko, na kuanzia 20 kuna uwezekano mkubwa wa utegemezi. Hata bila karatasi, jiulize: Nikianza, naweza kuishia pale nilipopanga? Nimewahi kuzimua asubuhi? Nimeshindwa kazi, ibada au kikao kwa sababu ya pombe? Kuna mtu wa nyumbani aliyeniambia nipunguze, nami nikamkasirikia?

Swali la kuzimua lina uzito wa pekee kwa usalama wako. Mtu anayetetemeka asubuhi asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Dalili huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili. Kati ya siku ya pili na ya nne, wachache huingia katika kuweweseka kwa hatari: wanaona visivyokuwepo, homa inapanda, hawajui walipo. Hali hiyo huua. Vijijini hufikiriwa kuwa mgonjwa amerogwa au amepandisha mashetani, na muda wa kumwokoa unapotea kwa mganga. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali kama Nyakahanga. Ikibidi atapewa rufaa kwenda Bukoba. Kwa siku chache atapewa dawa za kutuliza ubongo, na vitamini B1, ambayo wanywaji wa kila siku huishiwa na ambayo ikikosekana inaweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Asiyetetemeka wala kuzimua kwa kawaida anaweza kuanza nyumbani.

Saa, njia na mfuko

Anza na saa. Chagua ile saa moja ya siku ambayo ndiyo hasa unakunywa, uijaze kabla haijafika. Kukata majani ya ng'ombe, kumwagilia bustani, mazoezi ya kwaya, kumsimamia mtoto kazi za shule: lolote linalokuhitaji uwe mahali fulani, na mtu anakusubiri. Kula mapema pia, kwa sababu njaa ya jioni hujificha ndani ya hamu ya pombe. Hamu ikija, usibishane nayo. Mara nyingi hupanda, hufika kileleni, na kushuka ndani ya nusu saa. Tembea, oga, piga simu, ngoja ipite.

Kisha njia. Kama kilabu kiko kati ya shamba na nyumba, zunguka kwingine hata kama ni mbali zaidi. Siku ya gulio nenda asubuhi, ukiwa na mwenzio asiyekunywa, urudi kabla ya saa tisa. Kama rubisi hupikwa nyumbani kwako, zungumzeni kama familia: kwa miezi michache ya mwanzo ndizi ziuzwe mbichi, au kazi hiyo ihamie kwa ndugu. Harusini na msibani, shika kikombe cha chai au omuramba usioumuka kabla kibuyu hakijakufikia. Kumkatalia mzee ni kumvunjia heshima, kwa hiyo pokea kibuyu kwa mikono miwili, ukirudishe na useme, "Mzee, nimeshukuru, ila niko kwenye dawa." Dawa hakuna anayegombana nayo.

Mfuko ndio mgumu kuliko yote. Uraibu wa huku una msimu, nao ni msimu wa kahawa. Mtu anakunywa kwa mkopo miezi mingi, na mkopo unalipwa kwa butura: kahawa inauzwa ingali maua au mbichi mtini, kwa bei ya kutupa. Mavuno yakifika, sehemu kubwa si yake tena, na uchungu wa kuona hivyo unampeleka kilabuni. Basi futa kwanza daftari la mkopo kilabuni, hata kidogo kidogo, na mwambie mwenye kilabu mbele ya shahidi kwamba hukopi tena. Uza kupitia chama cha msingi, na siku ya malipo nendeni wawili. Fedha ya ada na mabati iende siku hiyo hiyo; akiba iingie kwenye kikundi chenye sanduku la kufuli tatu, ambalo huwezi kulifungua peke yako saa mbili usiku.

Usitarajie yote haya yawe mepesi baada ya wiki moja. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, wengine 18 tu, wengine mpaka 254. Kukosa siku moja hakukuvuruga safari yote.

Kwa anayeishi na mnywaji

Usimseme akiwa amelewa. Maneno yako hayatabaki. Subiri asubuhi, taja jambo moja lililotokea, bila matusi: "Baba Asimwe, jana ulianguka getini na mtoto alikuona. Twende kituo cha afya Jumatatu, nitakwenda nawe." Usimlipie deni la kilabu, wala usimtungie uongo kwa bosi wake au kwa wanakikundi. Mlinde na hatari, si na matokeo ya unywaji wake.

Akiteleza, hatari kubwa iko katika wazo linalofuata: "Nimeshaharibu, bora nimalizie." Alan Marlatt, aliyeandika mengi kuhusu kurudia uraibu, alionyesha kwamba hatia hiyo ndiyo inayogeuza kikombe kimoja kuwa wiki nzima ya ulevi. Kaeni chini kesho yake mjibu maswali manne: ilikuwa saa ngapi, wapi, pamoja na nani, kwa fedha ya nani? Majibu yataonyesha upande upi bado uko wazi, nao ndio wa kuziba.

Kahawa huanza kuchumwa karibu na Mei. Anayetaka kuacha asingoje fedha iingie ndipo afikiri. Apime afya yake, afute deni, amchague wa kwenda naye siku ya malipo, wakati mfuko ungali mtupu na kichwa kikiwa chake.