Si kila jasho la usiku ni malaria: Hofu ya maradhi kabla ya hedhi kukoma

JASHO linapomlowesha mwanamke usiku wa manane katika nyanda za Kericho, ambako baridi huwalazimu watu kujifunika blanketi mbili, jambo la kwanza linalomjia akilini ni malaria. Moyo ukimdunda kwa kasi ilhali ameketi, hufikiria shinikizo la damu. Na akihisi kana kwamba kitu kimemkwama kooni, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye saratani.

Kwa mwanamke aliye katika miaka ya arobaini au mwanzoni mwa hamsini, dalili zote hizo zinaweza kuwa na chanzo kimoja ambacho aghalabu hakitajwi nyumbani wala kazini: mwili wake unaelekea kukoma hedhi.

Hata hivyo, kumwambia mwanamke huyo kwamba "ni umri tu" hakumsaidii. Dalili zake ni za kweli, na hofu yake pia ina msingi. Anachohitaji ni kufahamu ni lipi la kuchunguzwa bila kukawia, ni lipi la kutulizwa, na ni wakati gani uchunguzi umetosha.

Kinachotokea mwilini

Kitabibu, mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi baada ya kumaliza miezi 12 mfululizo bila kuiona. Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), wanawake wengi hufikia hatua hiyo wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55.

Miaka inayotangulia hatua hiyo ndiyo yenye misukosuko. Kwa wengi huchukua takriban miaka minne, ingawa kwa baadhi yao huzidi hapo.

Katika kipindi hiki, homoni ya estrojeni haipungui polepole kama mafuta katika taa. Hupanda leo na kushuka kesho. Kutokana na hali hiyo, sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Badiliko dogo tu la joto huifanya iamuru mwili upoe: mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka, uso na kifua huwaka, jasho hutoka na moyo huongeza kasi. Baada ya dakika chache hali hutulia, na pengine baridi ya kutetemesha hufuata.

Estrojeni huhusiana pia na kemikali za ubongo zinazotuliza hisia na kuleta usingizi. Ndiyo maana mwanamke ambaye hakuwa na historia ya wasiwasi anaweza kujikuta akishtuka ovyo, akisahau mambo, akikasirika upesi au akikesha. Isitoshe, viungo huuma. Kwa mchumaji wa majani chai aliyezoea kubeba kikapu mgongoni na anayelipwa kwa kilo, usiku mmoja wa kukesha humpunguzia ujira wa siku inayofuata.

Hofu yenye historia

Wakazi wa Kericho na Bomet hawaogopi mambo ya kubuni. Licha ya eneo hili kuwa juu na lenye baridi, milipuko ya malaria ililikumba tena kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990. Kumbukumbu za hospitali za mashamba ya chai za miongo kadhaa zimetumiwa na wanasayansi kuchunguza ugonjwa huo wa nyanda za juu. Mtu aliyeshuhudia miaka hiyo hawezi kulaumiwa kwa kufikiria malaria kila anapotokwa na jasho.

Tofauti moja, lakini, ni rahisi kupimwa. Malaria huleta homa ambayo kipimajoto hukionyesha. Joto la ghafla linalotokana na homoni humchoma mwanamke kwa ndani, lakini kipimajoto aghalabu husoma kiwango cha kawaida. Kwa vile homa ya malaria huja na kuondoka, kipimajoto pekee hakitoshi. Jibu hutolewa na damu. Tangu 2010, WHO imependekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kumeza dawa za malaria mwezi baada ya mwezi bila kupimwa ni kupoteza pesa, na ugonjwa halisi, kama upo, huachwa ukiendelea.

Hali ni hiyo hiyo kuhusu koo. Mnamo 2002, jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha taarifa kutoka hospitali ya Tenwek, Bomet, iliyoonyesha kwamba saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ilikuwa ikiwapata hata vijana katika eneo hilo. Zipo familia nyingi huko zilizomzika jamaa kwa sababu ya maradhi haya.

Wasiwasi nao huweza kukaza misuli ya koo hadi mtu ahisi donge lisilokuwepo. Donge la aina hii huhisiwa zaidi mtu anapomeza mate, na mara nyingi hupungua anapokula. Saratani huenda kinyume: chakula kigumu kama vile ugali au nyama ndicho huanza kukwama, kisha uji na maji, huku uzani ukipungua. Mwenye dalili hizi za pili anapaswa kufika hospitalini mara moja.

Jinsi hofu inavyojilisha

Hofu ya maradhi ina mzunguko wake. Moyo unapodunda, mwanamke huogopa. Anapoogopa, mwili humwaga homoni ya adrenalini, ambayo huuongezea moyo kasi. Naye huichukua kasi hiyo kama ushahidi kwamba kweli anaugua.

Hapo ndipo huanza kujipima mapigo ya moyo kila saa, kujipapasa shingo, kuwauliza majirani, kusoma habari za magonjwa kwenye simu hadi usiku wa manane na kuhama kutoka kliniki moja hadi nyingine. Kila kipimo kinachotoka kikiwa safi humpa nafuu ya siku chache, kisha shaka hurejea. Kadri anavyotafuta uhakika kamili ndivyo unavyomponyoka.

Njia ya kuuvunja mzunguko huu huanza na uchunguzi mmoja uliofanywa kikamilifu na mhudumu mmoja anayeifahamu historia yake. Shinikizo la damu, kiwango cha damu, sukari, tezi ya shingo na malaria ni baadhi ya mambo anayoweza kuchunguza. Kipimo cha ujauzito pia kisisahauliwe, kwani mwanamke anaweza kushika mimba hadi hedhi itakapokoma kabisa.

Majibu yakiwa mazuri, wawili hao wakubaliane tarehe ya kuonana tena, na kabla ya tarehe hiyo vipimo visirudiwe ila kukizuka dalili mpya.

Kikombe cha chai

Katika eneo linaloishi kwa chai, kinywaji hicho nacho kinastahili kuangaliwa. Kafeini iliyomo huweza kuongeza mapigo ya moyo na kufukuza usingizi, na kwa baadhi ya wanawake huchochea joto la ghafla.

Kuna jambo jingine lisilojulikana sana. Hedhi za kipindi hiki zinaweza kuwa nzito na kusababisha upungufu wa damu, ambao wenyewe huleta moyo kudunda, kizunguzungu na kuhema. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga na nafaka. Si lazima mtu aiache. Inatosha ainywe saa moja au zaidi baada ya mlo, na apunguze vikombe vya jioni.

Zisizopaswa kusingiziwa umri

Zipo dalili ambazo hakuna mwanamke anayepaswa kuambiwa azivumilie. Damu inayotoka baada ya miezi 12 bila hedhi, inayotoka baada ya kujamiiana, au inayojaza sodo kila saa ni lazima ichunguzwe. Hali kadhalika uvimbe kwenye titi, maumivu ya kifua hasa wakati wa kupanda mlima au kubeba mzigo, na kuzirai.

Jasho la usiku linaloandamana na kikohozi cha zaidi ya majuma mawili au kukonda huhitaji kipimo cha kifua kikuu na cha virusi vya Ukimwi. Waswahili husema, mficha maradhi kilio humfichua.

Matibabu yapo

Kurejeshea mwili homoni ndiyo tiba yenye nguvu zaidi dhidi ya joto la ghafla na jasho la usiku. Wengi waliiogopa baada ya Julai 2002, wakati sehemu moja ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative iliposimamishwa mapema kutokana na ongezeko la saratani ya matiti miongoni mwa waliotumia mseto wa homoni mbili.

Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa kwa wanawake wengi wenye afya walio chini ya umri wa miaka 60, au ambao hawajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, manufaa huzidi madhara. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au kuganda kwa damu kwa kawaida hushauriwa atumie njia nyingine. Uamuzi huu si wa duka la dawa bali wa daktari.

Kwa wasiwasi na usingizi, tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuyatambua na kuyahoji mawazo yake ya hofu imethibitishwa kusaidia, na imo katika mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza kuhusu kukoma hedhi. Zoezi dogo la kupumua polepole, hewa ikitolewa kwa muda mrefu kuliko inavyovutwa, huweza kuutuliza moyo hata katikati ya shamba.

Mahali pa kuanzia si lazima pawe hospitali kubwa. Chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, matibabu ya msingi katika zahanati na vituo vya afya vilivyoidhinishwa hugharamiwa na serikali kwa waliojisajili. Palipo na haja, mgonjwa hupewa rufaa hadi hospitali za kaunti za Kericho au Longisa.

Mwanamke anayekwenda huko abebe daftari alimoandika kwa majuma machache tarehe za hedhi, saa za joto na jasho, usingizi, chai aliyokunywa na jambo lililomtia hofu. Ukurasa huo humwezesha mhudumu kuona mtiririko ambao mgonjwa mwenyewe, kwa kuhangaishwa na dalili moja baada ya nyingine, huenda asiuone.