Nywila Zinazohifadhiwa Mtandaoni: Usalama Wake Unategemea Nini?

Huduma nyingi ambazo mwananchi alizifuata ofisini, kama vile leseni ya biashara na maombi ya ajira, sasa hupatikana kwa njia ya mtandao. Kila mfumo hudai nywila, na wengi wetu hutumia nywila moja kila mahali. Ipo programu ya kutunza nywila, ambayo huziweka katika kompyuta za kampuni, yaani hifadhi ya wingu. Je, kampuni hiyo ikiibiwa?

Programu iliyo bora huzisimba nywila ndani ya simu ya mtumiaji kabla hazijatumwa. Kusimba ni kuyageuza maandishi kuwa alama zisizosomeka bila ufunguo. Ufunguo huo hutokana na nywila kuu, aijuayo mtumiaji peke yake. Kampuni hupokea kasha lililofungwa, wala haina ufunguo wake.

Mwaka 2022 wadukuzi waliingia katika hifadhi ya wingu ya kampuni ya LastPass na kunakili makasha ya wateja. Nywila zilikuwa zimesimbwa, ingawa anwani za tovuti hazikusimbwa. Mwenye nakala ya kasha huweza kubahatisha nywila kuu kwa kompyuta mara nyingi apendavyo, bila kuzuiwa anapokosea. Jina la mtoto pamoja na mwaka wake wa kuzaliwa hugunduliwa upesi. Maneno sita yaliyookotwa bila mpangilio ni kazi ngumu mno kuyabahatisha.

Hivyo basi, wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Nywila kuu iwe ndefu, na isitumike mahali pengine popote.

2. Iandikwe kwenye karatasi na kutunzwa pamoja na hati muhimu za nyumbani, kwa kuwa mara nyingi kampuni haiwezi kuirejesha ikisahauliwa.

3. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, ili aliyeipata nywila asiweze kuingia kwa urahisi.

4. Kasha likiibiwa, kubadili nywila kuu pekee hakutoshi, maana nakala iliyoibwa bado hufunguka kwa ile ya zamani. Badilisheni nywila zote zilizomo, mkianza na za barua pepe na za benki.

5. Asipewe mtu yeyote nywila, hata akijitambulisha kuwa mtumishi wa Halmashauri.

Kasha likiwa imara namna gani, usalama wake hauwezi kuupita ule wa ufunguo wake, na ufunguo huo umo mikononi mwa mwananchi mwenyewe.