Namba ya Hitilafu Si Jina la Spea

Fundi anachomeka kidude chini ya usukani, simu yake inaonyesha P0171, naye anatoa hukumu papo hapo: "Sensa ya oksijeni imekufa, bosi." Mwenye gari anakwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, ananunua sensa ya mtumba, inafungwa, namba inafutwa, taa ya injini inazima. Haupiti muda taa imerudi palepale, na safari hii fundi anataka sensa ya hewa.

P0171 haisemi popote kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Inasema kompyuta ya injini imeona hewa ni nyingi kuliko mafuta, imejitahidi kuongeza mafuta, na imefika mwisho wa uwezo wake. Aliyeleta habari hiyo ni sensa ya oksijeni yenyewe, na mara nyingi iko salama kabisa. Kuitupa ni kumfukuza shahidi na kumwacha mwizi ndani ya nyumba. Mwizi anaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya throto, gasketi ya manifoldi iliyokauka, pampu ya mafuta iliyochoka, noseli zilizoziba, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi kwa sababu chujio halijabadilishwa tangu gari litoke bandarini.

Skana ndogo za bei nafuu sasa ziko kila gereji, na hata kwa madereva wenyewe. Ni vifaa vizuri. Tatizo ni kuzisoma kana kwamba zinataja kitu cha kununua, wakati zinataja kipimo kilichotoka nje ya mipaka. Kwenye gari la zamani tofauti hiyo ina gharama kubwa, maana waya umekauka, mipira imepasuka, na zaidi ya fundi mmoja amekwishapita humo na mkasi wake.

Tuanze na swali linalowatatiza wengi: skana inachomeka vizuri, lakini inagoma kuzungumza na gari. Marekani ililazimisha mfumo mmoja, OBD-II, kwa magari madogo yote mapya ya kuanzia mwaka wa modeli 1996. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Japani ilikuwa na ratiba yake, na magari mengi ya miaka ya 1990 yaliyotengenezwa kwa soko la ndani, yaani hayahaya yaliyojaa barabara zetu, yalizungumza lugha ya kiwanda chao tu. Mengine yana soketi ileile ya matundu 16 chini ya dashibodi, lakini ndani hakuna anayejibu kwa lugha ya OBD-II. Kwa hiyo skana ikiandika kwamba imeshindwa kuunganika, usikubali kirahisi maneno ya "kompyuta imekufa". Injini ikiwaka, kompyuta iko hai.

Angalia kwanza fyuzi. Tundu la 16 kwenye soketi hiyo hupokea umeme wa betri moja kwa moja, na la 4 na la 5 ni ardhi. Taa ya skana isipowaka kabisa, umeme haufiki, na mara nyingi ni fyuzi iliyoungua siku redio ilipofungwa. Taa ikiwaka lakini mazungumzo hayapo, huenda ni lugha, au ni skana yenyewe. Vidude vingi vya bluetuthi vinavyouzwa kwa jina la ELM327 ni nakala za chipu ya kampuni ya Kanada, Elm Electronics. Vingi vimeandikwa toleo la 1.5, toleo ambalo kampuni hiyo haikuwahi kulitoa. Nakala hizo hufanya kazi kwenye magari mapya, kisha zikakwama kwenye ya zamani kwa sababu baadhi ya lugha za zamani hazimo ndani yake. Jaribu skana nyingine kabla ya kulilaumu gari.

Kwa Toyota za miaka ya 1990, kama Corolla ya 110 au Carina yenye injini ya 5A au 7A, huhitaji skana hata kidogo. Fungua boneti, tafuta kiboksi kidogo cha plastiki ambacho kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSIS. Upande wa ndani wa kifuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika kidogo, ikapepesa mara moja, hiyo ni 21, yaani saketi ya sensa ya oksijeni. Mbili na mbili ni 22, joto la maji. Nne na moja ni 41, sensa ya mkao wa throto. Tano na mbili ni 52, sensa ya kugonga kwa injini. Makosa yakiwa mengi, taa huyataja kuanzia namba ndogo kwenda kubwa, kisha hurudia, hivyo kaa na kalamu na usiwe na haraka.

Tahadhari moja hapo: katika kiboksi hicho kuna pia tundu la +B, ambalo lina umeme wa betri. Ukiliunganisha na E1 kwa kukosea, unaunguza kitu. Soma ramani mara mbili, na kama macho hayaoni vizuri, omba tochi.

Nissan na Honda za enzi hizo zina njia zao za kupepesa. Fundi aliyezizoea atakuonyesha. Tuendelee na magari yanayojibu skana.

Herufi ya kwanza inataja eneo: P ni injini na giaboksi, B ni bodi, C ni chesi pamoja na breki za ABS, U ni mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, maana yake ni moja kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, ni namba ya kiwanda. P1349 kwenye Toyota nyingi za VVT-i inahusu mfumo wa kubadili muda wa vali, na kitu cha kwanza cha kutazama ni oili: imepungua, imechafuka, au kichujio kidogo cha vali yake kimeziba. Ukitafuta namba hiyohiyo kwenye orodha ya kampuni nyingine, utapotea.

Sasa rudi kwenye P0171, maana hapa ndipo skana ya kawaida inapolipa bei yake. Acha ukurasa wa makosa, ingia kwenye ukurasa wa vipimo vinavyotembea, utafute marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Namba hizo ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Karibu na sifuri ni heri. Kati ya kumi kushuka na kumi kupanda bado si balaa. Tuseme injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, inasoma 25, na ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika inashuka hadi 5. Huo ni uvujaji wa hewa baada ya throto, kwa sababu tundu lilelile linadhuru zaidi injini inapovuta hewa kidogo. Ikiwa ni kinyume chake, iko vizuri sailensa na inapanda kadiri unavyokanyaga, angalia mafuta yanayofika, pampu na chujio lake, au sensa ya hewa iliyochafuka. Dakika tano za kutazama namba mbili, na sensa ya oksijeni haijaguswa.

Joto la maji nalo lina kituko chake. Skana ikionyesha nyuzi 40 chini ya sifuri pale Kinondoni saa saba mchana, sensa imechomoka au waya wake umekatika. Kabla ya kununua, chomoa plagi yake na utazame kutu.

Injini inayomisi ina kipimo rahisi zaidi. P0302 ni silinda ya pili. Kwenye IST, Vitz na nyinginezo ambazo kila silinda ina koili yake, hamisha koili ya pili uipeleke ya tatu, futa namba, endesha kidogo. Ikija P0303, koili ni mbovu. Ikibaki P0302, koili haina hatia. Tazama plagi, noseli, kisha mgandamizo. Jaribio hili halikugharimu hata shilingi, ndiyo maana simwelewi fundi anayeagiza koili nne kwa mpigo.

P0420 inasema kichujio cha moshi, mafundi wanakiita masega, hakisafishi inavyotakiwa. Kwetu, mara nyingi masega yenyewe hayapo: yalitolewa yakauzwa kwa ajili ya platini na madini mengine yaliyomo. Hakuna sensa itakayofuta kosa la kitu kisichokuwepo. Kama yapo, kagua kwanza bomba la ekzosi, maana tundu dogo kabla ya sensa huingiza hewa na kuleta namba hiyohiyo.

Kosa baya kuliko yote ni kufuta namba kabla ya kuiandika. Kompyuta nyingi, pamoja na namba, huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa kosa lilipotokea: mwendo, joto, mizunguko ya injini. Ukifuta, picha inaondoka nayo. Betri ikiwa dhaifu, ishughulikie kwanza. Chini ya volti 12 kompyuta huanza kulalamikia vitu vizima.

Neno la mwisho ni kwa anayenunua gari la mtumba. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikiunguruma. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichomoa au kuifunika. Kisha omba kuchomeka skana yako, utazame kama vipimo vya ndani ambavyo kompyuta hujifanyia vimekamilika. Vikiwa havijakamilika, makosa yamefutwa hivi karibuni, au betri ilichomolewa. Muuzaji asiyekuruhusu kuchomeka, muage uende yadi nyingine.