Nepi, maji na jua: Kumvisha mtoto bila kuchafua mazingira Turkana

MZAZI anayeishi Kalokol, kando ya Ghuba ya Ferguson katika Ziwa Turkana, hukabiliwa na swali ambalo mwenzake wa Nairobi halifikirii sana. Je, amvishe mtoto nepi ya kufua ilhali maji ni adimu, au nepi ya kutupwa ilhali hakuna mahali salama pa kuitupa?

Mtoto akibadilishwa nepi mara sita kwa siku, atakuwa ametumia nepi 2,190 kwa mwaka mmoja. Zikiwa za kutupwa, maarufu kama daipa, zote hizo ni taka.

Daipa nyingi hutengenezwa kwa plastiki, nyuzi za mbao na chembechembe zinazofyonza mkojo na kugeuka mfano wa jeli. Nyuzi za mbao huoza, lakini plastiki hubaki kwa miongo mingi. Ikichomwa hutoa moshi unaodhuru mapafu, na ikitupwa ovyo husukumwa na upepo, au hubebwa na mafuriko mvua inaponyesha.

Mjini Lodwar, yapata kilomita 60 kutoka Kalokol, taka zinazoachwa kando ya mto Turkwel zaweza kusombwa hadi ziwani. Ghuba ya Ferguson ni mojawapo ya sehemu muhimu ambako samaki aina ya tilapia huzaliana, na wakazi wengi wa Kalokol na Longech hutegemea uvuvi. Kuyalinda maji hayo ni kulinda chakula cha mtoto yule yule anayevishwa nepi.

Sheria za nchi hazijalimaliza tatizo hili. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa Agosti 28, 2017 haikugusa daipa. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza daipa zitozwe ushuru wa mazingira, lakini wananchi walilalamika kwamba mzigo huo ungewaangukia wazazi. Mswada wote uliondolewa Juni 2024 kufuatia maandamano makubwa.

Je, nepi ya kitambaa ndiyo suluhisho? Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa jibu hutegemea namna ya kufua. Nepi za kitambaa zikifuliwa kwa maji ya moto sana na kukaushwa kwa mashine ya umeme, huweza kuchafua hewa kuliko daipa. Zikianikwa nje, zikafuliwa nyingi kwa pamoja, kisha zikatumiwa tena na mtoto wa pili, madhara yake hupungua sana. Uchunguzi mwingine wa nchi hiyo, uliotolewa mwaka 2023, uliipa nepi ya kitambaa ushindi katika suala la gesi zinazoongeza joto duniani.

Kwa kipimo hicho, Turkana ina neema ya pekee. Jua la Lodwar, mji ambao ni miongoni mwa ile yenye joto kali zaidi nchini, hukausha kitambaa chepesi kwa muda mfupi bila gharama yoyote. Kinachokosekana ni maji.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, kiwango ambacho Umoja wa Mataifa hulenga kwa kawaida ni lita 20 za maji kwa mtu kila siku. Nepi za siku moja zikimaliza mtungi mmoja wa lita 20, zitakuwa zimemaliza mgao wa mtu mzima. Hivyo, mama anayechagua daipa hapaswi kulaumiwa kwa haraka.

Hata hivyo, zipo njia za kupunguza maji. Kwanza, kitambaa chembamba cha pamba kilichokatwa mraba na kukunjwa ni bora kuliko nepi nene iliyoshonwa tabaka kwa tabaka. Hufulika kwa maji kidogo na jua hukipenya upesi. Leso kuukuu au shuka iliyochakaa yatosha kabisa.

Pili, kinyesi kikwanguliwe na kutupwa chooni kabla nepi haijaloweshwa. Maji ya kusuuza mara ya mwisho yahifadhiwe kwa ajili ya kulowesha nepi za kesho, na machafu yamwagwe mbali na kisima. Kufulia ndani ya ziwa au kwenye visima vya mchangani mtoni kusifanywe kamwe, kwani huchafua maji ya wengine. Isitoshe, Ziwa Turkana lina mamba wengi.

Maji ya ziwa hilo yana chumvi na magadi. Yanaweza kuchotwa kwa kufulia, lakini ni vyema kusuuza mara ya mwisho kwa maji baridi ya kisima au bomba, kwa sababu mabaki ya magadi yaweza kuiwasha ngozi laini ya mtoto.

Tatu, mtoto havai nepi saa zote. Tangu jadi, wafugaji wa Turkana wamewaacha watoto wao bila nguo nyingi wakati wa joto, na kuwabeba kwa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa. Mtoto aachwapo wazi kivulini ngozi yake hukauka, na vipele hupungua. Mtoto aliyezaliwa karibuni, hata hivyo, lazima afunikwe vyema usiku na alfajiri.

Kuhusu nguo nyingine, iliyo rafiki zaidi kwa mazingira ni ile ambayo tayari imeshonwa. Inakadiriwa kwamba fulana moja mpya ya pamba hugharimu takriban lita 2,700 za maji tangu shambani hadi dukani. Nguo aliyoiacha kaka au dada, au mtumba wa pamba uliofuliwa vizuri na kuanikwa juani, haidai maji hayo upya.

Safarini, hospitalini au wakati wa kiangazi kikali, daipa huenda isiepukike. Inapotumika, kinyesi kitupwe chooni na daipa yenyewe izikwe katika shimo refu mbali na mto. Isitumbukizwe chooni, kwani hujaza shimo upesi.

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la kuzoa taka na kusambaza maji. Mawili hayo hayatenganiki. Mahali ambapo bomba limekauka, hata mama mwenye nia njema atanunua daipa, na mahali ambapo gari la taka halifiki, daipa hiyo itaishia mtoni au ziwani.