Unga Mweupe Juu ya Nyanya

Masika yaliyopita niliinua nyanya moja kutoka kwenye fungu pale sokoni, nikaigeuza kwenye mwanga. Upande wa kikonyo ilikuwa na madoa ya unga uliokauka, mweupe unaoelekea umanjano, kama chokaa iliyodondoka. Nikakwaruza kwa ukucha, unga ukang'oka. Muuzaji, mama wa makamo ambaye nimekuwa nikinunua kwake kwa muda mrefu, akaichukua ile nyanya mkononi mwangu, akaifuta kwa pindo la kitenge, ikang'aa.

"Hiyo ni dawa tu, mwanangu. Ukiosha inatoka."

"Imepigwa lini, mama?"

"Mimi nachukua kwa tenga. Mambo ya shambani wanayajua wenyewe."

Upande wa pili wa mji kuna duka dogo linalouza mboga za kilimo hai. Siku hiyohiyo nilipita pale, nikakuta kilo ya nyanya ni karibu mara mbili ya bei ya sokoni. Nilisimama mbele ya zile nyanya kwa dakika kadhaa. Zilikuwa ndogo, moja ina alama ya kuliwa na mdudu. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: hiyo nusu ya pili ya bei nailipia nini?

Nianze na kauli ya yule mama, kwa sababu ina ukweli nusu. Nyanya za masika hushambuliwa sana na ukungu, na dawa inayopendwa na wakulima wetu ni mankozebu, unga unaochanganywa na maji na kupigwa kwa bomba la mgongoni. Mankozebu haiingii ndani ya mmea. Hukaa juu ya jani na tunda kama ngao, na mvua ikiiosha, mkulima hurudi kupiga tena. Kwa hiyo ni kweli, sehemu kubwa hutoka kwa kuoshwa. Tatizo ni kwa asiyeosha, au anayeosha kwa kumwagia maji mara moja na kukatia kwenye sufuria. Moto hauondoi mankozebu, huivunja na kutoa kemikali nyingine inayosumbua tezi ya thairoidi. Umoja wa Ulaya uliamua mwishoni mwa 2020 kutoendelea kuiruhusu, kwa sababu ya hatari yake kwa uzazi na kwa mfumo wa homoni.

Zipo dawa nyingine ambazo zenyewe hupenya. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walipaka matofaa dawa mbili kisha wakajaribu kuyaosha kwa namna tofauti. Maji yenye bekingi soda yaliondoa dawa ya juu ya ganda vizuri kuliko maji matupu, lakini ilichukua dakika 12 hadi 15 za kuloweka. Na hata hapo, asilimia 20 hivi ya dawa moja, thiabendazoli, ilikuwa imeshaingia ndani ya tunda. Hiyo haioshwi na mtu yeyote. Kinga yake ni moja, mkulima kuheshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa, kati ya kupiga na kuvuna. Ndiyo maana nilimuuliza yule mama ilipigwa lini. Na ndiyo maana jibu lake lilinikaa kichwani.

Kilimo hai kinakataa mbolea za viwandani, viuatilifu vinavyotengenezwa kwa kemikali na mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Wengi huelewa kwamba maana yake ni kulima bila dawa. Sivyo. Mkulima wa kilimo hai naye hupambana na wadudu, na kantangaze, yule nondo wa nyanya aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na kufagia mashamba, haulizi shamba hili lina cheti au halina. Mkulima huyu hutumia mitego yenye harufu ya nondo jike, hutumia mwarobaini, hubadilisha mazao, na akibanwa hutumia pareto. Pareto ni maua tunayolima wenyewe, Iringa, Mbeya na kule Nakuru. Sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu, lakini jua huivunja haraka, na hiyo ndiyo sifa iliyoipa ruhusa. Dawa za shaba nazo huruhusiwa kwa kiasi, ingawa shaba haivunjiki na hujilimbikiza kwenye udongo. Kinachotofautiana ni aina ya dawa, na nafasi yake: kwa mkulima wa kilimo hai dawa ni kimbilio la mwisho, wala si ratiba ya kila wiki.

Je, mlaji anafaidi? Hapa watu hugombana kwa kurushiana tafiti, na mara nyingi kila mmoja anasema kweli. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia tafiti 237, wakasema hawakuona ushahidi wa nguvu kwamba chakula cha kilimo hai kina lishe bora kuliko kingine. Miaka miwili baadaye timu iliyoongozwa na watafiti wa Newcastle, Uingereza, ilipitia tafiti 343, ikakuta mazao ya kilimo hai yana kemikali za asili za mimea ziitwazo polifenoli nyingi zaidi, madini mazito ya kadimi pungufu kwa karibu nusu, na kwamba mabaki ya viuatilifu yalionekana mara nne zaidi kwenye mazao ya kawaida. Ukisoma kwa utulivu unaona zote mbili zinakubaliana kwenye jambo moja: tofauti iliyo wazi zaidi iko kwenye mabaki ya dawa. Vitamini hazitofautiani kiasi cha kumfanya mtu abadilishe duka.

Utafiti unaonigusa kuliko yote ni mdogo kabisa. Seattle, Marekani, watafiti walichukua watoto 23 wa umri wa shule ya msingi, wakawabadilishia chakula kwa siku tano, matunda, mboga na nafaka zote zikawa za kilimo hai. Walipima mkojo wao kila siku. Mabaki ya dawa mbili za wadudu, malathioni na klopirifosi, yalishuka papo hapo hadi kutoonekana karibu kabisa, na yakarudi watoto walipoanza tena chakula chao cha kawaida. Matokeo yalichapishwa 2006. Hayasemi kwamba watoto wale walikuwa wagonjwa. Yanasema kilichokuwa mwilini mwao kilitoka kwenye sahani.

Kuhusu saratani bado hakuna jibu la kukata shauri. Ufaransa walifuatilia watu karibu 69,000, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba waliokula sana kilimo hai walipata saratani kwa asilimia 25 pungufu. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 600,000, na mwaka 2014 wakasema kwa ujumla hawakuona tofauti. Anayemudu kilimo hai mara nyingi ndiye pia asiyevuta sigara na anayemudu daktari, na kuchambua kipi kimeleta kipi ni kazi ngumu. Ninachoweza kusema bila kusita ni hiki: mzazi anayepunguza mboga mezani kwa sababu zile za kilimo hai ni ghali anawapunja watoto wake. Mchicha wa sokoni uliooshwa vizuri ni bora kuliko mchicha usioliwa.

Kwa miaka mingi nilidhani habari inaishia hapo, kwenye sahani. Kisha nikamkumbuka mjomba.

Mjomba alilima nyanya na vitunguu. Likizo nilikuwa namchotea maji ya kuchanganyia dawa. Alikoroga kwa kijiti, dawa mbili au tatu kwenye ndoo moja, kwa sababu aliamini zikiungana zinapata nguvu. Bomba lake lilivuja kwenye mfuniko, na alipolibeba, mgongo wa shati uliloa kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Alifunga kitambaa puani, basi. Jioni kichwa kilimgonga, macho yakawasha, akawa analala mapema na kusema ni malaria. Asubuhi alivaa shati lilelile. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na kibandiko cha chupa kilikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza.

Baadaye sana nilisoma utafiti wa Aiwerasia Ngowi na wenzake, uliochapishwa 2007, kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania. Asilimia 68 walisema waliwahi kujisikia vibaya baada ya kazi ya kawaida ya kupiga dawa: kizunguzungu, kichwa, ngozi kuwasha. Karibu theluthi walichanganya dawa, kama mjomba.  Mlaji hupata chembe. Mpiga dawa hulowa. Ndipo nilipopata jibu la kwanza la swali langu pale dukani: sehemu ya ile bei ya ziada ni shati kavu la mtu ambaye sitamwona.

Lakini utajuaje kwamba kweli shati lilikuwa kavu? Tunda lenyewe halisemi, kwa sababu kilimo hai ni habari ya namna ya kulima, na namna ya kulima haionekani kwa macho. Ndiyo kazi ya nembo. Mwaka 2007 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, cha pili cha kikanda duniani baada ya kile cha Ulaya, na kikapewa nembo ya Kilimohai. Huipata mkulima aliyekaguliwa na shirika la uthibitishaji, au kundi la wakulima linalokaguana lenyewe kwa utaratibu uliosajiliwa, jirani akiingia shamba la jirani na daftari mkononi, wanunuzi nao wakikaribishwa. Mimi napenda huo wa pili. Jirani anajua nani kaonekana na bomba alfajiri.

Kwa bidhaa za nje, tafuta jani la nyota juu ya kijani, alama ya Umoja wa Ulaya. Karibu nalo huwa kuna herufi za nchi, neno kama BIO na namba ya mkaguzi. Ya Marekani ni duara la kijani na nyeupe lenye neno USDA. Zote mbili hutaka angalau asilimia 95 ya viambato vya kilimo viwe vya kilimo hai. Nimewahi kununua mfuko wa unga wa lishe ulioandikwa "ogani" kwa herufi kubwa, nikaugeuza pande zote nisione nembo, namba wala jina la mkaguzi. Neno peke yake si ushahidi.

Wala "kienyeji" si kilimo hai. Watu wengi huona mboga zimemwagiwa samadi bondeni, hazijapigwa dawa, wakatosheka. Mwaka 1999 watafiti wa Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Walikuta madini mazito, risasi ikiwamo, na baadhi ya vipimo vilivuka viwango vya FAO na WHO. Mchicha ule haukuhitaji dawa ili udhuru. Ulikunywa maji yale.

Sasa bei. Gharama kubwa ni mikono. Kinachofanywa na dawa ya magugu kwa asubuhi moja hufanywa na vibarua kwa siku kadhaa za kupalilia, na mboji haijitengenezi. Mavuno nayo hupungua, kwa wastani wa asilimia 19 kwa mujibu wa uchambuzi mmoja mpana wa 2014 kutoka Berkeley, Marekani. Kwetu habari ni njema kidogo. Tangu 2007 kituo cha utafiti cha icipe cha Nairobi na taasisi ya FiBL ya Uswisi wanalinganisha mashamba Thika na Chuka, nchini Kenya. Kwenye mashamba yaliyopewa mboji ya kutosha, mahindi ya kilimo hai yaliyafikia yale ya mbolea za dukani baada ya misimu ya mwanzo, na kuanzia mwaka wa tano faida ikawa kubwa zaidi, mradi mkulima alipwe bei ya kilimo hai. Miaka hiyo ya kusubiri ndiyo inayowavunja wengi. Ulaya hutaka shamba likae miaka 2 bila kemikali kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka 3 kwa miti kama kahawa. Muda wote huo mkulima anabeba gharama za kilimo hai na kuuza kwa bei ya kila mtu.

Juu yake kuna karatasi. Cheti cha soko la nje ni mzigo ambao mwenye ekari mbili hawezi kuubeba peke yake, kwa hiyo wakulima hujiunga na kuthibitishwa kwa pamoja. Sheria mpya ya Ulaya, iliyoanza kutumika 2022, imeweka ukomo wa wanachama 2,000 kwa kundi moja. Vyama vikubwa vya kahawa, kakao na viungo vimelazimika kujigawa na kulipia ukaguzi kwa kila kipande. Nakubali kwamba udanganyifu upo na lazima udhibitiwe. Lakini inauma kuona mzigo ukimwangukia mtu yuleyule aliyekubali kupalilia kwa jembe ili mgeni wa mbali anywe kahawa safi.

Siku ile nilinunua kilo moja tu pale dukani, zile ndogo zenye alama ya mdudu. Nyumbani nikakubaliana na mwenzangu tuchague: kwa vitu tunavyokula na maganda yake kila siku, nyanya, pilipili hoho na mchicha, tununue kilimo hai mfuko ukiruhusu. Ndizi, nanasi na vitunguu, ambavyo humenywa, tutaendelea kununua popote. Na zile za sokoni tunaziloweka robo saa kwenye bekingi soda, kisha maji safi mara mbili.

Kwa yule mama bado naenda. Jumamosi iliyofuata nilimwomba ampigie aliyemletea tenga. Akapiga, akaweka sauti wazi. Kijana upande wa pili alisita kidogo, akasema alipiga dawa Jumatano na kuchuma Alhamisi. Mama alikata simu, akaliangalia fungu lake bila kusema kitu, akalisogeza pembeni. Siku hizi nikifika, kabla sijamaliza kumwamkia, ananionyesha kwa kidole: "Chukua hizi za huku, mwanangu. Huyu nimemuuliza mwenyewe."