Bibi Aliyeifundisha Kompyuta Maneno

Juzi darasani mwetu kulizuka ubishi mkali. Jamaa mmoja alishikilia ati kompyuta haiwezi kupokea amri kwa Kiswahili, kwa kuwa ilizaliwa ikisema Kiingereza. Mimi, mwanachama wa Chama cha Kiswahili, nilikosa la kumjibu! Jibu nimelipata baadaye katika maisha ya Bibi Grace Hopper wa Marekani.

Hopper alizaliwa New York mwaka wa 1906. Akiwa mtoto wa miaka saba alizifungua saa zote za kuamshia za nyumbani kwao, moja baada ya nyingine, apate kujua zinavyofanya kazi. (Jaribu hivyo kwetu uone kama utapewa chakula.) Mwaka wa 1934 alipata udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto aliacha ualimu, akajiunga na jeshi la wanamaji. Huko alipewa kazi ya kuandikia amri Mark I, mashine ya kukokotoa yenye urefu wa mita 15 hivi.

Siku hizo mashine iliamriwa kwa tarakimu tupu. Ukikosea moja, kazi yote imeharibika. Mwaka wa 1952 Hopper alitengeneza kompaila, yaani programu ya kuipangia mashine amri zake. Halafu akataka zaidi: watu waandike kwa maneno, kompaila iyageuze kuwa tarakimu. Akaambiwa haiwezekani, kompyuta haijui maneno.

Hapa ndipo penye utamu. Mwenyewe alisimulia kwamba aliwaonyesha wakubwa wa kampuni yake programu ndogo kwa Kiingereza, kisha hiyo hiyo kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Wakubwa walishtuka! Kompyuta ya Marekani ijue Kifaransa? Ikabidi awahakikishie kwamba itatumia Kiingereza tu. Kumbe kwa mashine neno ni alama tu. Ikipangiwa kwamba “zidisha” ni amri fulani, itazidisha.

Kazi yake hiyo ndiyo iliyokuwa msingi mkubwa wa COBOL, lugha ya kompyuta iliyoanza kubuniwa mwaka wa 1959 na ambayo mabenki mengine yanaitumia hadi leo. Alistaafu jeshini mwaka wa 1986 akiwa admirali wa miaka 79, akafariki mwaka wa 1992.

Yule jamaa nilimsimulia haya yote. Hakukubali wala hakukataa, alisema tu, “Basi tuyaandike hayo maneno tuone.” Tumeanza orodha nyuma ya daftari langu: soma, andika, jumlisha, gawanya. Sasa tumekwama kwenye “toa”. Mashine ikiambiwa “toa 5”, ipunguze tano au ituletee tano? Mwenye neno bora atuone darasani wakati wa mapumziko.